Taulo Kwenye Kamba

Chupa haikupata joto.

Mama Sumaku aliinama akasoma tena kipimajoto, akakikazia jicho lile analowakazia vibarua wanaoingia na spana kwenye chumba cha MRI. Kipimajoto hakikutishika. Chupa ya maji ya chumvi ilikuwa imelazwa kwenye kitanda cha mashine, mahali pale pale palipokuwa na paja la kulia la yule mzee jana, na waya wa koili, kile kinasa mawimbi kinachowekwa juu ya mgonjwa, umepitishwa juu yake vile vile. Mashine ilikuwa imegonga na kunguruma kwa picha zile zile. Maji yalikuwa baridi kama yalivyotoka bombani.

"Rudia," alisema.

"Tumesharudia, mama," alijibu mpiga picha kutoka nyuma ya kioo.

"Basi rudia kurudia."

Mashine ikagonga tena. Mama Sumaku akasimama mlangoni mikono nyuma. Kazi yake katika hospitali ile ilikuwa kuwalinda watu na mionzi ambayo si eksirei: mawimbi ya redio ya MRI pamoja na sumaku yake, leza ya chumba cha macho, taa za urujuanimno wanazosimama mbele yake wagonjwa wa ngozi. Eksirei ilikuwa na mwanasayansi wake, mwanaume mwenye ofisi yenye feni. Yeye alipewa yote yaliyobaki, na ofisi isiyo na feni. Ajali ikitokea kwenye hayo yaliyobaki, yeye ndiye mpelelezi.

Na jana ajali ilikuwa imetokea. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee anayeheshimika, aliingia kupigwa picha ya nyonga akatoka ameungua. Mama Sumaku alishuka ngazi mbio. Muuguzi alimwambia ni paja la kulia, na waya wa koili hupita kulia. Hakungoja zaidi. Pale pale kwenye korido, mbele ya benchi la wagonjwa, mbele ya wafagiaji wawili na mke wa mtoto wa yule mzee, alimgeukia mpiga picha akapaza sauti: "Umeacha waya kwenye ngozi ya mtu! Umemwoka mzee wa watu kama mkate!"

Mpiga picha yule kwa miaka mingi aliitwa Tuli, kwa sababu alimwambia kila mgonjwa "kaa tuli". Asubuhi hii, Mama Sumaku alipokuwa anapanda ngazi, alimsikia mfagiaji mmoja akimwuliza mwenzake kama Bekari ameshafika kazini.

Mashine ikanyamaza. Kipimajoto kikasema lile lile.

"Waya hauna kosa," Mama Sumaku aliiambia chupa.

Tuli alitoka nyuma ya kioo. Alikuwa na nafasi ya kusema mengi, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliuchukua waya, akaukunja taratibu, akauning'iniza mahali pake.

"Kikao cha nidhamu ni alasiri, mama," alisema. "Katibu ameniambia nije na funguo zangu za chumba. Mtu anayeambiwa aje na funguo haambiwi aondoke nazo."

"Nieleze tena. Kuanzia mlangoni."

"Nilieleza jana."

"Jana sikusikia. Nilikuwa naongea mimi."

Tuli alimtazama, akatazama chini. "Nilimpa gauni la hospitali. Nikamwuliza maswali yote yaliyobandikwa ukutani. Kifaa cha moyo, vyuma mwilini, hereni, pini. Kila kitu hapana. Nikamwuliza kama amevua nguo zote, na za ndani pia. Akaniambia, 'Zote. Au unataka nivue na ngozi?'"

"Ukamkagua?"

"Nilimpitishia kile kifaa kinachonusa chuma. Kichwani mpaka miguuni. Hakikulia hata kidogo."

"Hukumwangalia kwa macho?"

"Nimfunue gauni mzee wa watu, mama? Mkwe wake amesimama pale?"

"Mkwe wake alikuwa chumba cha kubadilishia?"

"Si ndiyo kanuni?"

Mama Sumaku alitazama karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani, halafu akatazama pengine.

"Mto?" aliuliza.

"Niliweka katikati ya mapaja yasigusane. Na taulo chini ya waya. Ngozi na waya havikuonana kabisa."

"Kibofyo?"

"Alikuwa nacho mkononi. Nilimwambia, ukihisi joto, bonyeza. Hakubonyeza mpaka picha ya mwisho. Alipobonyeza tu nikasimamisha."

"Kwa hiyo mtu anaungua, kibofyo kiko kiganjani, na anakaa kimya."

"Nilidhani amesinzia."

"Wewe ukiungua huwa unasinzia?"

"Sijawahi kuungua, mama. Labda leo alasiri."

Ulikuwa mzaha, na ulimchoma Mama Sumaku kuliko tusi. Akakohoa. "Alipotoka kwenye mashine?"

"Hakusema neno. Alichukua kibegi chake kile cha nyembe na sabuni, akajifungia chooni. Alikaa humo mpaka nikagonga. Alipotoka ndipo akasema anaumwa."

"Na kibegi?"

"Kwapani."

Mama Sumaku aliitoa chupa kitandani, akaifuta kwa upindo wa koti lake, ingawa haikuwa na vumbi.

*

Muuguzi wa wodi ya wanaume alikuwa mwanaume mnene mwenye viatu vinavyolia. Yeye peke yake ndiye aliyeliona jeraha. Mwalimu alikuwa amekataa katakata kuangaliwa na mwanamke, awe daktari, awe mwanasayansi, awe malaika.

"Jana alinionyesha kulia tu," muuguzi alinong'ona kwenye meza ya dawa. "Shuka ameling'ang'ania kama bibi harusi. Leo asubuhi nimebadilisha bandeji, nikaona na kushoto pana malengelenge."

"Kushoto?"

"Sawasawa na kulia."

"Nionyeshe. Kwako wewe, si kwake."

Muuguzi alitazama huku na huku, halafu akapitisha kidole kwenye suruali yake mwenyewe. "Hapa kwenye mkunjo wa paja, mstari mwembamba. Huku vile vile. Na hapa juu, kiunoni, wekundu umezunguka." Alisimama kidogo, akajitazama. "Kama mtu amechorwa chupi kwa kalamu nyekundu, kwa kweli."

Mgonjwa wa kitanda cha karibu alikuwa amegeuza shingo kutazama muuguzi anajipapasa nini.

"Waya ulikuwa mmoja," Mama Sumaku alisema, "na ulipita upande mmoja."

"Jana ningejua ungetaka na kushoto..."

"Jana sikuuliza."

Mwalimu alikuwa kitanda cha dirishani, amelala chali, macho darini. Mzee mwembamba, mvi zimechanwa, kola ya pajama imefungwa kifungo mpaka cha juu. Kibegi cha ngozi kilikuwa tumboni kwake, mikono yote miwili juu yake. Pembeni alikaa mke wa mtoto wake, mama wa makamo mwenye mabega ya kubebea magunia na sauti inayolingana nayo. Alipomwona Mama Sumaku alisimama.

"Shikamoo Mwalimu," Mama Sumaku alisema.

"Marahaba," alijibu mzee, akiiambia dari.

"Afadhali umekuja," mkwe alisema. "Huyo Bekari wenu ameshafukuzwa?"

Jina lilikuwa limepanda mpaka wodini. Mama Sumaku alihisi masikio yake yanapata joto.

"Nimekuja kuuliza maneno mawili. Jana ulimwambia daktari wa zamu kwamba Mwalimu aliunguzwa na waya. Uliuona?"

"Mimi nilikuwa korido wakati wa picha. Ningeuonaje?"

"Sasa waya ulikwambia nani?"

Mkwe alimtazama kama mtu anayemtazama kichaa. "Si wewe? Ulisimama pale unafoka, waya, waya, ngozi ya mtu. Korido nzima ilisikia. Nikasema, kama mwenye kazi mwenyewe amesema ni waya, mimi nani nibishe?"

Kumbe ndivyo. Ushahidi wa pekee dhidi ya Tuli ulikuwa umetoka kinywani mwa mpelelezi, ukazunguka hospitali, ukarudi kwake umevaa nguo za shahidi.

"Na wewe, Mwalimu? Uliuhisi waya?"

"Mimi sijui mambo ya mitambo," alisema mzee. Vidole vyake vilikaza kibegi.

Mama Sumaku aliomba kuona nguo alizokuja nazo. Mkwe akavuta mfuko wa plastiki chini ya kitanda, akatoa moja moja: shati, suruali, fulana, soksi zimeviringishwa pamoja. Mfuko ukawa mtupu.

"Nguo ya ndani haimo," alisema Mama Sumaku, kwa sauti ya chini.

"Wazee wengine wanapenda hewa," mkwe alijibu haraka, na kuanza kurudisha.

"Nguo zake nyumbani nani anafua?"

"Nani mwingine? Mimi. Baba hashiki hata leso, labda zile za ndani tu. Hizo anafua mwenyewe, anaanika mwenyewe, tena chini ya taulo zisionekane. Baba ni mtu wa haya sa..."

Akaacha neno nusu. Alikunja suruali ambayo ilikuwa tayari imekunjwa.

Mzee apendaye hewa hana nguo ya kuficha chini ya taulo. Mama Sumaku hakusema hivyo. Alisema, "Katibu wa hospitali anataka maelezo yako kabla ya kikao. Ofisi ya chini, mlango wa kijani."

Mkwe alimtazama baba mkwe wake, akamtazama Mama Sumaku, akachukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka mara moja. Halafu akaenda.

Mama Sumaku alivuta pazia la kitanda. Alivuta na kiti.

"Sikukuita," alisema Mwalimu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nimesema sitaki kuangaliwa na mwanamke."

"Sitakuangalia. Na wewe huniangalii, kwa hiyo tuko sawa."

Alitoa mfukoni mita, ile ya mafundi umeme, yenye ncha mbili za waya. Akaokota kijiko kwenye sinia la chai, akagusisha ncha zote mbili. Mita ikalia. Akagusisha kwenye shuka. Kimya. Akagusisha kwenye leso yake. Kimya. Kwenye mguu wa kitanda, palipobanduka rangi, ikalia.

"Hii inalia ikikuta kitu kinachopitisha umeme," alisema. "Sasa kile kifaa alichokupitishia kijana jana ni tofauti. Kile kinajua chuma tu. Ukikipelekea shaba, kinalala. Ukikipelekea fedha, kinalala."

Macho ya mzee yalikuwa yameshuka kutoka darini mpaka kwenye kijiko.

"Mashine ile inapiga picha kwa mawimbi ya redio. Mawimbi yakikuta waya umezunguka duara, yanausukumia umeme, na umeme ukizunguka pale unatafuta pa kutokea, panapata moto. Si lazima uwe waya wa hospitali. Kuna vitambaa siku hizi vinafumwa na nyuzi za fedha, nyembamba kama utando wa buibui. Ukivaa kiunoni ni duara. Ukivaa miguuni ni duara mbili."

"Kwa nini mtu afume fedha kwenye nguo?" aliuliza Mwalimu. Alijua jibu, sauti yake ilionyesha anajua. Alitaka tu kuona kama mwenzake naye anajua.

"Kwa sababu fedha inazuia harufu," alisema Mama Sumaku, akikiambia kijiko.

Nyuma ya pazia viatu vya muuguzi vililia vikaja, vikalia vikaondoka.

Mwalimu alifungua zipu ya kibegi. Alitoa sabuni, akatoa wembe, akatoa kitambaa cha kijivu kilichokunjwa kidogo sana, kama barua. Hakumkabidhi Mama Sumaku. Alikiweka kwenye shuka katikati yao, akageuza uso dirishani.

Mama Sumaku hakukikunjua. Aligusisha ncha mbili pembeni.

Mita ikalia. Ililia kwa sauti ileile iliyolilia kijiko, ila wodi nzima ilionekana kunyamaza kuisikiliza. Akaizima upesi.

"Tangu nilipofanyiwa upasuaji," alisema Mwalimu kwa dirisha. "Mkojo haunisikii tena. Miaka yote nimewafundisha watoto wa watu kuomba ruhusa ya kutoka nje, leo wa kwangu unatoka bila ruhusa."

Haikujulikana kama alitaka mtu acheke. Mama Sumaku hakucheka.

"Kijana alikuuliza umevua zote."

"Aliniuliza. Na mke wa mwanangu kasimama hapo, kashika suruali yangu mkononi, ananitazama. Ningesemaje? Ngoja nivue hii ya kuzuia harufu ya mkojo? Anayenipakulia chakula kila siku?"

"Na ulipoanza kuungua, kwa nini hukubonyeza?"

"Ningebonyeza wangekuja kunifunua."

"Ukaona uungue."

"Nikaona picha zitaisha. Halafu wewe ukasema ni waya. Mtu mkubwa, msomi, koti jeupe. Sikusema mimi uongo. Niliuacha tu upite."

"Mwalimu, yule kijana anarudisha funguo alasiri hii. Ana watoto. Sasa anaitwa Bekari mpaka na wafagiaji."

"Najua. Muuguzi amenisimulia, anadhani ananichangamsha." Mzee aligeuka kwa mara ya kwanza, akamtazama usoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa bado macho ya mwalimu mkuu. "Na mimi nikuulize swali moja. Nimelazwa hapa nikilitafakari. Nani mwenye akili aliyeamua kwamba mzee avuliwe nguo na kuulizwa ya mwilini mwake mbele ya mkwe wake?"

Mama Sumaku aliikunja mita, ncha moja, halafu ya pili.

"Mimi, Mwalimu."

"Wewe?"

"Kanuni ile ya ukutani ni yangu. Niliona wazee wanasahau. Mmoja aliwahi kusahau kifaa cha moyo. Nikaandika kila mzee aulizwe mbele ya ndugu yake, ndugu amkumbushe. Sikufikiri kuna vitu mtu anavyovikumbuka vizuri mno."

Mwalimu alimtazama kama anayepima alama za kumpa.

"Harufu usiiseme," alisema mwishowe.

"Nitasema nguo. Harufu sitaisema."

*

Kikao kilikuwa ofisini kwa Mganga Mkuu. Tuli alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, funguo mapajani. Katibu alikuwa na kalamu. Mkwe, kama mlalamikaji, alipewa kiti chenye mto.

Mama Sumaku alisimama, ingawa aliambiwa akae.

"Waya nimeupima. Haupati joto. Mpiga picha aliuweka inavyotakiwa, akauliza yote yanayotakiwa, akasimamisha mashine mara tu alipoitwa. Majeraha yapo pande zote mbili na yanafanana, kwa hiyo hayawezi kuwa ya waya mmoja. Ni nguo yenye nyuzi za fedha, ambayo mgonjwa aliingia nayo. Kitambaa nimekipima. Kinapitisha umeme."

"Lakini jana ulitoa taarifa ya waya," alisema Mganga Mkuu.

"Sikutoa taarifa. Nilipiga kelele."

Kalamu ya katibu ilisimama.

"Na hiyo nguo," Mganga Mkuu aliendelea, "ni nguo gani? Kwa sababu mgonjwa aliulizwa akasema amevua zote. Mzee mwenye akili zake, amefundisha nusu ya mji huu. Kwa nini afiche nguo? Bila hilo nitaambiwa nimemlinda mfanyakazi kwa kumsingizia mgonjwa."

Mama Sumaku alifungua kinywa. Akakifunga. Tuli alikuwa anamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kumtazama bila kuinamisha macho.

"Hiyo siwezi kuisema," alisema.

"Huwezi au huijui?"

"Naijua. Siwezi."

"Basi na mimi siwezi..."

"Ni kaptura," alisema mkwe.

Wote waligeuka. Alikuwa amesimama, mkoba kifuani.

"Kaptura ya joto. Baba anaumwa nyonga, nikamnunulia mimi, ina hizo nyuzi zinazong'aa. Nikamwambia asiivue kabisa, chumba kile kina baridi. Mzee wa watu kanitii. Kijana alipouliza mimi nilikuwepo, nilinyamaza. Kosa langu." Alizungumza haraka, akiutazama mto wa kiti chake. "Sikujua kama nguo inaweza kuunguza mtu."

Mama Sumaku alikijua kitambaa kilichokuwa kwenye shuka. Kilikuwa kimekunjwa kama barua na hakikuwa na joto la kumpasha hata paka. Lakini alikuwa ameulizwa habari za nyuzi, na nyuzi zilikuwa za kweli. Habari za dukani hazikuwa kazi yake.

"Na kwa nini mgonjwa aulizwe mbele ya ndugu?" Mganga Mkuu alitaka kujua. "Hiyo kanuni ya nani?"

"Yangu," alisema Mama Sumaku. "Naiondoa leo. Mzee aulizwe peke yake na mlango ufungwe. Ndugu ataulizwa ya kwake pembeni, na mgonjwa avae nguo zote za hospitali, mpaka ya ndani, zilizo kwenye pakiti."

"Tuandike kwamba kosa limetokana na kanuni yako?"

"Andika hivyo."

Katibu aliandika. Mganga Mkuu alimwambia Tuli arudi kazini, na Tuli akasema ahsante kwa watu wote, hata kwa katibu, akatoka na funguo zake zikilia.

Nje, kwenye ngazi, Mama Sumaku alimfikia mkwe.

"Kaptura ya joto," alisema.

"Ndiyo."

"Dada, mimi nimekishika kile kitambaa."

Mkwe alisimama. Mabega yale makubwa yalishuka kidogo. "Yeye anadhani sijui," alisema. "Siku moja upepo ulilipeperusha taulo. Nikaona zimepangwa kwenye kamba, za kijivu, na karatasi ya dukani, iliyoandikwa kwamba zinazuia harufu, ilikuwa bado imening'inia kwenye mojawapo. Nikalirudisha taulo. Tangu siku hiyo kila akianika, mimi natoka baada yake na vibanio viwili, nalibana taulo."

"Kwa hiyo jana ulijua hajavua."

Mwanamke yule alitazama viatu vyake.

"Nilipoona anatoka chooni na kibegi kwapani, nilijua. Nilikuwa natafuta la kusema. Halafu wewe ukataja waya, nami nikaushika waya wako kwa mikono yote miwili." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Hata lile jina la Bekari, wodini nililipeleka mimi. Nilitaka watu wamwongelee yeye, wasimwongelee baba."

Walishuka ngazi pamoja, mmoja upande wa ukuta, mwingine upande wa chuma cha kushikia, kama wezi wawili waliotoka nyumba moja.

Korido ya MRI ilikuwa na watu. Benchi limejaa, wafagiaji wale wawili wameegemea mafagio. Tuli alikuwa anafungua mlango wa chumba chake. Mama Sumaku alisimama katikati, kwenye kigae kile kile alichosimama jana, akapaza sauti ile ile.

"Tuli!"

Watu wote wakageuka. Mtoto mmoja akaacha kulia.

"Jana hapa nilikwambia umemwoka mtu. Nilisema uongo. Waya haukuwa na kosa na wewe hukuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nimeliandikisha ofisini, na sasa nalisema hapa kwa sababu hapa ndipo nilipokufokea. Naomba unisamehe."

Tuli alionekana angefurahi sakafu ipasuke. "Mama," alinong'ona, "watu wanatazama."

"Jana pia walitazama." Akawageukia wafagiaji. "Na ninyi, nikilisikia tena lile jina, nitawaingiza kwenye mashine mmevaa mikanda."

Mkwe alikuwa nyuma yake. Alimwendea Tuli, akainamisha kichwa, akampa mkono, akaushika wa Tuli muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Tuli hakuelewa ni wa nini, akaitikia tu.

*

Picha ya nyonga ilikuwa haijaisha. Malengelenge yalipokauka Mwalimu alirudi, na alipoulizwa anataka mpiga picha gani alisema, "Yule yule."

Mama Sumaku alishuka kuhakikisha karatasi mpya imebandikwa ukutani. Alimkuta mkwe kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akakaa naye. Mlango wa chumba cha kubadilishia ulikuwa umefungwa. Mbao zake zilikuwa nyembamba, jambo ambalo hakuna kanuni yoyote iliyolifikiria.

"Umevua zote, Mwalimu?" ilisikika sauti ya Tuli.

Mkwe alianza kuvuta uzi kwenye mkoba wake. Mama Sumaku alikazana kusoma bango la unawaji mikono lililokuwa ukuta wa pili, mstari wa kwanza, akaurudia.

"Bado," ilisema sauti ya mzee. "Imebaki moja."

"Chukua nafasi yako. Mimi nimegeukia ukutani."

Kilisikika kitambaa kikishuka. Halafu zipu ya kibegi.

Kwenye benchi wanawake wawili walikuwa wameinamisha vichwa, wanaangalia vigae.